Cheti cha mama mwenye nyumba

Mjini Dar ukitaka kupanda cheo bila kukanyaga chuo, vaa koti jeupe usimame nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Saa haijaisha umeshakuwa dokta. "Dokta, mtoto anaharisha." "Dokta, kifua kinanibana." Wapo waliosotea shahada ya famasi miaka minne, wapo wauzaji waliopigwa semina, na yupo mpwa wa mwenye duka aliyeachiwa ufunguo kwa sababu shangazi yake kaenda msibani Bagamoyo. Wote wanaitwa dokta na wote wanaitika.

Mwenzenu sina ugomvi na cheo. Mjini hapa hata fundi simu tunamwita injinia. Nina ugomvi na maneno matatu tu, yanayotoka midomoni mwa madokta hawa kuliko hata "pole": "Ni ile ile." Maneno haya yana maana mbili. Ya kwanza inaokoa mfuko wako. Ya pili inaweza kukupeleka wodini.

Sikiliza kisa. Mama mwenye nyumba wangu anauza vitumbua Magomeni. Anachuchumaa mbele ya jiko tangu saa kumi alfajiri, na ni mtu wa miaka sitini na kitu. Goti lake la kulia limechoka kazi hiyo. Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa diklo, vile vidonge vya diclofenac vinavyouzwa mtaani kama karanga. Goti likigoma, mtoto anatumwa na sarafu, analeta viwili. Likigoma tena jioni, mtoto anarudi dukani. Hakuna cheti, hakuna daktari, hakuna kuhesabu.

Mwaka jana, usiku wa manane, akagonga mlango wangu. Alikuwa anatapika vitu vyeusi kama yale makapi yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa. Wapangaji tulimkokota kwenye bajaji, mmoja kashika kichwa, mwingine kashika beseni. Hospitali akaongezwa damu chupa mbili. Daktari akamwambia bila kuzunguka: mama, tumbo lako lina kidonda, na vidonge vyako vya goti vinahusika. Diklo marufuku.

Basi goti likabaki bila mtetezi, akawa anatembea kama anapanda ngazi hata kwenye tambarare. Mwezi uliopita akaenda kliniki, daktari mwingine akasoma faili lake, akamwandikia dawa mbili. Omeprazole ya kulinda tumbo, na Celebrex miligramu 200, kimoja kwa siku, siku 14, halafu arudi aangaliwe. Cheti nikakabidhiwa mimi, kwa sababu wanawe wako mbali na, kama anavyosema mwenyewe, "wewe ulisoma mpaka fomu foo, Kiingereza cha dawa utakijua." Pamoja na cheti akanipa elfu arobaini za vitumbua, zimekunjwa zinanukia hiliki.

Kwanza nikapita duka la dawa la hapo mtaani. Yule dada ni mwungwana. Alitazama cheti, akanirudishia. "Kaka, hii siyo ya duka letu, nenda famasi." Safi kabisa. Maduka haya yanaitwa maduka ya dawa muhimu, mpango wao ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na orodha ya dawa za cheti wanazoruhusiwa kuuza ni fupi. Dada alijua mpaka wake ulipo. Laiti wote wangekuwa yeye, safu hii ya leo ingekuwa inazungumzia mapenzi.

Nikapanda gari hadi Kariakoo. Famasi ya kwanza, binti alikuwa anachati. Akakitupia cheti jicho moja, lingine likabaki kwenye simu. "Omeprazole ipo. Hiyo nyingine hamna." Nikamuuliza naweza kuipata wapi. "Hamna mji mzima." Du! Mji wote huu, kuanzia Mbagala mpaka Bunju, dada kaukagua akiwa amekaa kwenye stuli. Nikachukua omeprazole, nikasonga.

Famasi ya pili ilikuwa kule mjini katikati, vioo, kiyoyozi, na mlinzi anayekufungulia mlango kana kwamba umekuja kununua ndege. Celebrex ipo! Kaka aliyevaa tai akaileta boksi, akaiweka juu ya kioo taratibu, akataja bei. Nikamwomba arudie. Akarudia. Elfu arobaini zangu zilikuwa hazifiki hata nusu ya njia. Nikamuuliza kama kuna ya bei nafuu kidogo. Akaangalia cheti, akaniambia kwa sauti ya huruma, "Boss, daktari kaandika Celebrex. Hatuwezi kubadilisha." Sikubishana naye. Ila kama kulikuwa na dawa ile ile ya kampuni nyingine kwenye shelfu lake, hakuitaja, na mimi sikuwa na uwezo wa kuona nyuma ya kioo.

Nikarudi Kariakoo kwa miguu. Jua la saa nane, mnajua wenyewe.

Famasi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Jamaa mchangamfu, koti jeupe limepigwa pasi, ananiita mdogo wangu. Akasoma cheti, akacheka. "Madaktari wa siku hizi wanapenda majina makubwa. Hii ya nini bwana, utapoteza hela." Akageuka, akachomoa boksi, akaniwekea mkononi. "Chukua hii. Ni ile ile."

Nikaisoma. Juu kulikuwa na jina moja la kupendeza sana ambalo sikuwahi kulisikia. Chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: diclofenac.

"Dokta, hii ni diklo."

"Ndiyo. Zote za maumivu, mdogo wangu. Ni ile ile."

"Huyu mama diklo ilimtapisha damu. Kalazwa."

Unadhani alishtuka? Wala. "Basi mwambie asinywe na njaa. Ale kwanza, ashibe, ndiyo anywe."

Hapo ndipo nilipochoka. Maana ushauri huo nimeusikia tangu utotoni, na nusu ya mji unauamini, kwamba dawa hizi zinachoma tumbo kwa sababu zimekuta tumbo tupu, kwa hiyo ukitandika ugali chini, dawa inalala kwenye godoro. Chakula kinaweza kupunguza kichefuchefu na kiungulia. Lakini kidonda hakiletwi na kidonge kukaa juu ya ngozi ya tumbo peke yake. Dawa ikishaingia kwenye damu inazunguka, inarudi tumboni kwa mlango wa nyuma, na kuondoa ule ulinzi ambao tumbo limejiwekea dhidi ya tindikali yake lenyewe. Hata ukichomwa sindano ya diklo kwenye kalio, ambako hakuna ugali, tumbo bado linaweza kuumia.

Nikamshukuru, nikamwachia boksi lake.

Famasi ya nne ilikuwa uchochoroni, haina kiyoyozi, ina feni inayolia. Ndani mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba, cheti chake cha usajili kimefungwa kwenye fremu ukutani na picha yake ikiwa ya zamani kidogo. Nikampa karatasi. Hakuangalia shelfu. Aliniangalia mimi.

"Mgonjwa ni wewe?"

"Hapana mama, ni mama yangu mwenye nyumba."

"Ana umri gani? Ana presha? Moyo, figo? Anatumia dawa gani nyingine? Alishawahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa za salfa, kama Septrin?"

Nikampigia mama mwenye nyumba, nikampa simu waongee wenyewe. Waliongea kama mashoga waliopotezana. Presha hana, figo hajaambiwa, Septrin alishakunywa bila tatizo, na vidonda vya tumbo, "ndiyo mwanangu, vilitaka kuniua." Yule mama akanirudishia simu, akasema nilichokuwa nasubiri kusikia tangu asubuhi: Celebrex yenyewe hana, lakini anayo ile ile.

Nikamwambia mama, samahani, neno hilo leo limeshanitia jasho.

Akacheka. Akaenda nyuma, akaleta vitu viwili. Kimoja boksi tupu la Celebrex alilolihifadhi kwa kazi hiyo hiyo ya kuwafundisha wabishi. Kingine boksi la kampuni ya India. Majina makubwa ya juu hayafanani hata herufi. Akaweka kidole chini ya jina la kwanza: celecoxib, miligramu 200. Akakihamishia chini ya jina la pili: celecoxib, miligramu 200. "Hii ndiyo ile ile," akasema. "Ile aliyokupa mwenzangu ni nyingine kabisa. Zinafanya kazi inayofanana, lakini hazina mama mmoja."

Mpenzi msomaji, tulia hapa kidogo, maana ndipo pesa na afya vinapokutana. Kila dawa ina majina mawili. Moja ni jina lake halisi, ambalo ni la dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wa majina hayo mwaka 1950 na likatoa orodha ya kwanza mwaka 1953, ili daktari wa Songea na mfamasia wa Bombay waelewane. La pili ni jina la biashara, ambalo kila kampuni inajitungia kama msanii anavyojipa a.k.a. Sisi ni mabingwa wa kuchanganya mawili hayo. Kijana anatumwa dukani akalete Colgate, analeta dawa ya meno ya kampuni nyingine, na nyumbani wanaipokea kwa jina la Colgate. Panadol vilevile. Jina hilo liliingia sokoni Uingereza mwaka 1956, na kitu kilichomo ndani ni parasetamo, ile ile unayopewa hospitali kwenye bahasha ya kaki bila jina lolote la kujidai.

Na parasetamo ina vituko vyake. Ukiwa na binamu Marekani, siku moja atakuletea chupa ya Tylenol, na pembeni imeandikwa acetaminophen. Utaitunza kabatini kama dawa kali ya Wazungu. Kumbe acetaminophen ni jina la Kimarekani la parasetamo hiyo hiyo! Mtu anakunywa Panadol mbili, maumivu hayajaisha, anaongezea Tylenol mbili za binamu, anadhani amebadilisha silaha. Amepiga risasi ile ile mara mbili. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 kutoka maboksi yote ukijumlisha, la sivyo ini ndilo linalolipa.

Turudi kwa goti letu. Celebrex ilipata kibali Marekani tarehe 31 Desemba 1998, na kwa miaka mingi walioigundua waliilinda kwa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze. Hataza ikiisha, kampuni nyingine nazo zinaruhusiwa kutengeneza. Hizo hazilipi gharama ya kugundua upya, kwa hiyo zinauza kwa bei ya chini. Zinachotakiwa kuthibitisha ni kwamba dawa yao inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya mwanzo. Hapa kwetu anayekagua na kusajili ni TMDA, ambayo mpaka mwaka 2019 tuliijua kama TFDA. Kuna dawa chache, kama zile za kifafa, ambazo hata kubadilisha kampuni kunataka daktari aarifiwe. Lakini kwa dawa nyingi za maumivu, kulipa mara tatu kwa sababu ya jina la juu ni kununua boksi.

Sasa kwa nini celecoxib na si diklo? Yule mama alinieleza kwa lugha ya Kariakoo. Mwilini kuna vimeng'enya viwili vya ukoo mmoja. Kimoja ni mlinzi, kinasaidia kulinda ukuta wa tumbo. Kingine ni mchochezi, kinawasha moto na uvimbe kwenye goti lililoumia. Diklo inawapiga wote. Celecoxib inamlenga zaidi mchochezi na kumwacha mlinzi kazini. Hatari ya tumbo inapungua, haiishi, ndiyo maana daktari aliweka na omeprazole.

"Lakini usimwambie mtu kwamba hii ni pipi," akaniongezea. Dawa za ukoo huu zina kesi upande wa moyo. Ndugu yao mmoja, rofecoxib, aliyeuzwa kwa jina la Vioxx, aliondolewa sokoni na kampuni yake yenyewe, Merck, tarehe 30 Septemba 2004 baada ya kuonekana anaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Ukiona jina halisi linaishia na "coxib", jua ni ukoo huo huo, na usipewe mmoja badala ya mwingine kwa kupapasa. Ndiyo sababu ya maswali yote yale ya presha na figo. Mimi nilidhani mama ni mbea.

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye famasi. Alisoma muhuri wa cheti, akapiga simu kliniki, akasubiri, akakata, akapiga tena, mpaka akampata daktari. Dakika moja tu. "Dokta, nina cheti chako cha Celebrex, mgonjwa hana uwezo wa hiyo, nimpe celecoxib nyingine dozi ile ile? Sawa." Akaandika pembeni ya cheti alichotoa, akasaini, akagonga mhuri, akanipa risiti. Hela ilitosha, ikabaki ya nauli na ya maji baridi.

Ninachojiuliza ni kwa nini simu hiyo ilihitajika kabisa. Cheti hicho hicho kilikuwa na omeprazole, na hiyo daktari aliiandika kwa jina lake halisi. Kila famasi walikuwa nayo, kila kampuni, kila bei, hakuna aliyenizungusha. Mstari wa chini yake akaandika jina la biashara, na mimi nikatembea mji kutwa nzima. Mkono ule ule, kalamu ile ile. Mwongozo wa matibabu wa taifa unazitaja dawa kwa majina yake halisi, lakini mazoea ni mazoea, na mabwana wenye mikoba wanaopita kliniki kugawa kalamu na kalenda za makampuni hawapiti bure. Siku hizi nikimsindikiza mtu kwa daktari namwambia aulize kabla hajainuka kwenye kiti: dokta, hii inaitwaje kwa jina lake lenyewe, naomba uliandike pembeni. Madaktari wengi hawakasiriki. Anayekasirika naye umeshamjua.

Na kule dukani, ukiambiwa ni ile ile, usibishe wala usikubali. Omba boksi, tafuta herufi ndogo, linganisha jina halisi, linganisha miligramu. Vikikubaliana, fungua pochi. Visipokubaliana, hiyo ni dawa nyingine, na aliyekuandikia ya kwanza ndiye wa kuulizwa. Tarehe ya kuisha uliiangalia? Risiti je?

Nilifika Magomeni magharibi imeshaingia. Mama mwenye nyumba akafungua mfuko, akaliona boksi, akalirudisha mezani kama samaki aliyeharibika.

"Mwanangu, mimi niliandikiwa Celebrex."

Nikamwonyesha maandishi madogo. Akasema macho yake hayaoni. Nikamsomea. Akasema ya bei rahisi haiponyi. Nikamwambia hivi vitumbua vyako, ukivitia kwenye boksi la hoteli ya Posta, vitauzwa mara tano, unga umebadilika? Akanyamaza kidogo. Akauliza unga ni ule ule kweli? Nikampigia yule mama wa famasi, wakaongea tena, safari hii hadi kuulizana ukoo, na ikagundulika wote wana shemeji mmoja Kilwa.

Akanywa ya kwanza baada ya chakula cha usiku. Goti bado halijawa la msichana, lakini juzi nimemwona anainuka jikoni bila kushika ukuta. Tarehe ya kurudi kliniki imefika wiki ijayo, atapimwa presha na kuulizwa choo kikoje. Risiti ameibandika mlangoni na selotepu, pembeni ya orodha ya wapangaji wanaodaiwa kodi.